Kinga ya Umeme kwa Winchi ya Gari

Winchi ya umeme inayofungwa kwenye bampa ya mbele ndicho kifaa kinachokula ampea nyingi kuliko vyote garini. Stata peke yake ndiyo inayoikaribia, na kazi ya stata ni ya sekunde mbili tatu. Winchi huvuta dakika nzima, ikapumzika, ikavuta tena. Pamoja na hayo, ukifunua boneti za magari mengi ya porini utakuta waya mwekundu mnene umetoka kwenye kichwa cha betri, ukapita pembeni mwa rejeta na kuingia kwenye kisanduku cha kontakta bila fyuzi, bila swichi, bila chochote cha kuukata.

Kinga ya winchi si kifaa kimoja. Ni viwili vyenye kazi tofauti: kimoja hulinda waya dhidi ya shoti, kingine hulinda mota, kamba na kontakta mzigo unapozidi. Mafundi wengi hutafuta fyuzi moja ifanye kazi zote mbili, wanaikosa kwa sababu haipo, kisha wanaiacha winchi bila kinga yoyote. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitenganisha kazi hizo na jinsi ya kufunga kila kinga mahali pake.

Waya usio na fyuzi ulianzia wapi

Winchi za umeme zilianza kuenea kwenye magari madogo kupitia kampuni ya Warn, iliyoasisiwa na Arthur Warn eneo la Seattle, Marekani, mwaka 1948. Ilitoa winchi yake ya kwanza ya umeme mwaka 1959, na mwaka 1974 ikatoa ile mashuhuri ya 8274 yenye uwezo wa pauni 8,000. Winchi hiyo iliendeshwa na solenoidi nne za jamii ileile inayowasha stata, na mota za winchi kwa ujumla ni za ukoo mmoja na mota za stata. Kwa desturi waya wa stata hauwekewi fyuzi. Winchi ikairithi desturi hiyo.

Kwa stata uamuzi huo unaeleweka. Waya ni mfupi, umelala kati ya betri na injini, na hauna sababu ya kuguswa. Waya wa winchi, kinyume chake, unakwenda mpaka sehemu ya mbele kabisa ya gari, mahali pa kwanza kugongwa. Bampa ikirudi nyuma kidogo tu kwa ajali, waya hubanwa kati ya chuma na chasisi, na una umeme saa zote, hata gari likiwa limezimwa.

Kwenye boti suala hili limekwisha kuamuliwa. Kanuni ya E-11 ya ABYC, baraza linaloweka viwango vya boti nchini Marekani, inataka waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi au breka ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri, umbali ukiongezwa pale waya unapokuwa ndani ya ala. Stata imesamehewa. Winchi ya nanga haikusamehewa, na ndiyo maana winchi ya nanga huwa na sakiti breka yake. Sioni sababu ya winchi ya gari, yenye nguvu mara kadhaa ya ile ya boti ndogo, kudaiwa pungufu ya hapo.

Ampea hupanda vipi

Tuchukue winchi ya ukubwa unaoonekana sana kwenye Land Cruiser mkonga na Defender: pauni 9,500, yaani kilo 4,300 hivi, ya volti 12. Ikizunguka bila mzigo hula kati ya ampea 60 na 80. Ikivuta mzigo wake kamili hufika ampea 400 au zaidi. Ampea 400 kwa volti 12 ni wati 4,800. Alteneta ya gari la namna hiyo hutoa ampea 100 hadi 150 injini ikizunguka vizuri; pengo lote lililobaki hujazwa na betri.

Sababu ya kupanda huko iko ndani ya mota. Mota inayozunguka huzalisha volti zake yenyewe za kupingana na zile za betri, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyojizuia kunywa umeme. Mzigo ukiongezeka kasi hushuka, upinzani huo hupungua na ampea hupanda. Ikisimama kabisa huku kitufe kimebanwa, upinzani unakuwa sifuri, na kinachobaki kuuzuia umeme ni ukinzani wa nyaya, betri na mota, ambao wote kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya omu moja. Ampea hapo huvuka zile za mzigo kamili. Tena mota nyingi za winchi zimezibwa zisiingie maji wala tope na hazina feni, kwa hiyo joto linalozaliwa kwenye amecha na kaboni halina njia ya haraka ya kutoka.

Na mzigo kuzidi si tukio la nadra. Miongozo ya jeshi la Marekani ya kunasua magari inakadiria kwamba gari lililozama tope hadi usawa wa magurudumu hudai mvuto sawa na uzito wake wote. Likizama hadi madigadi, mara mbili ya uzito huo. Likizama hadi usawa wa kibini, mara tatu. Gari la watalii la tani 3 likikaa kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, tope likafika madigadi, linadai tani 6 kutoka kwa winchi yenye uwezo wa tani 4.3. Dereva hajafanya uzembe wowote, ila tayari amezidisha.

Uwezo ulioandikwa kwenye winchi nao ni wa safu ya kwanza tu ya kamba, ile inayogusa ngoma. Kila safu inayojiviringisha juu yake hunenepesha ngoma na kupunguza mvuto kwa zaidi ya asilimia 10, hata ikifika safu ya nne au ya tano winchi hiyo ya kilo 4,300 inabaki na kilo 3,000 au chini yake kwa ampea zilezile. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya mzigo uliozidi haina uhusiano na umeme: toa kamba ndefu, funga kapi, urudishe ndoano kwenye gari lako. Kapi moja hugawa mzigo wa winchi karibu nusu, na ampea hushuka pamoja nao.

Kamba yenyewe ina la kusema. Waya wa chuma wa inchi 5/16 unaofungwa kwenye winchi nyingi za pauni 9,500 una nguvu ya kukatika ya pauni 9,800. Tofauti ni pauni 300 tu. Mota iliyokwama kwenye safu ya kwanza, ikisukumwa na betri nzuri, inaweza kuipita nguvu hiyo. Anayeweka ukomo wa ampea, basi, halindi mota peke yake. Anawalinda pia watu waliosimama kando ya kamba. Isipokuwa ukomo huo hauoni mshtuko: gari likiteleza ghafla na kuipiga kamba, chuma hukatika kabla umeme haujajua.

Joto la waya kwa hesabu

Waya wa shaba wa milimita za mraba 35, unaokaribiana na ule unaokuja na winchi nyingi, una ukinzani wa omu 0.0005 kwa kila mita. Ampea 400 zikipita hapo, kila mita hugeuza wati 80 kuwa joto. Mita moja ya shaba hiyo ina uzito wa gramu 314 hivi, na kwa uzito huo wati 80 hupandisha joto kwa nyuzi 0.66 kila sekunde, ikiwa hakuna linalopotea. Dakika moja ya kuvuta kwa nguvu zote hupandisha waya kwa nyuzi 40. Chini ya boneti yenye nyuzi 40 tayari, waya utafika 80, na ganda la PVC la kawaida limeundwa kwa 70. Dakika moja winchi huvumilia. Mbili mfululizo ni kuomba matatizo.

Sasa shoti. Betri nzima yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.005, ikiunganishwa na chasisi kupitia mita 2 za waya huo, hupitisha ampea 2,100. Joto hukua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kila mita sasa inazalisha zaidi ya wati 2,200 na joto linapanda nyuzi 18 kwa sekunde. Kutoka nyuzi 40 hadi 160, kikomo cha PVC kwenye shoti, ni chini ya sekunde 7. Hakuna anayeweza kuteremka, kufungua boneti, kutafuta spana na kung'oa kichwa cha betri kwa sekunde 7.

Kinga ya kwanza: fyuzi ya waya

Kazi ya fyuzi ya winchi ni hiyo moja: kukata zile ampea 2,100 kabla ganda halijayeyuka. Mtu akielewa hivyo, kuchagua ukubwa kunakuwa rahisi. Fyuzi haitakiwi kukatika kwenye ampea 400 za dakika moja ambazo winchi ina haki nazo. Inatakiwa ikatike ndani ya sehemu ya sekunde kwenye 2,000. Fyuzi kubwa za kufungwa kwa bolti, za aina ya ANL au MEGA, zina tabia hiyo: huvumilia mzidisho mdogo kwa muda na kukatika upesi kwenye mzidisho mkubwa. Kwa winchi ya mfano wetu fyuzi ya ampea 300 hadi 400 ndiyo inayotafutwa. Mtengenezaji wa kweli hutoa mchoro unaoonyesha fyuzi yake hukaa sekunde ngapi kwa ampea fulani. Chukua ampea 400, ongeza theluthi kwa mota iliyokwama, uone kama muda unatosha. Fyuzi isiyo na mchoro huo isinunuliwe kwa kazi hii.

Namba ya pili ya kutazama ni uwezo wa kukata, yaani ampea nyingi kuliko zote ambazo fyuzi au breka inaweza kuzikata bila kupasuka au kuendelea kupitisha cheche ndani yake. Iwe juu ya zile zinazoweza kutolewa na betri. Magari ya betri mbili yazihesabu zote mbili. Breka za bei poa zinazouzwa kwa ajili ya spika za gari mara nyingi hazina namba hii kabisa.

Breka ya nyumbani haifai. Umeme wa nyumbani hugeuka mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa betri hauna sifuri. Cheche iliyoanza kati ya vishikizo viwili vinavyoachana huendelea kuwaka mpaka umbali uwe mkubwa wa kutosha au kitu kiyeyuke. Kifaa chochote kinachokata umeme wa winchi, hata swichi ndogo, kiwe kimeandikwa uwezo wake kwa umeme wa mkondo mmoja.

Wanaopenda breka kuliko fyuzi wana hoja nzuri: hairudi dukani, hubonyezwa tu ikafunga tena. Wachague ile inayorudishwa kwa mkono. SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hugawa breka katika aina tatu; ya kwanza hujirudisha yenyewe ikipoa, na hiyo haina nafasi kwenye winchi. Mota inayoweza kuamka wakati msaidizi ameshika kamba akidhani umeme umekatika ni hatari mpya iliyofungwa kwa makusudi.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri nafasi inavyoruhusu, upande wa chanya. Waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote, kwa hiyo uwe mfupi na uvishwe ala ngumu.

Kinga ya pili: kukata kwenye koili

Fyuzi ya ampea 350 haitamwambia mtu kwamba mota inaungua kwenye 300. Hapa ndipo kinga ya pili inapoingia, na uzuri wake ni kwamba haigusi waya mnene kabisa. Winchi huwashwa na kontakta, na kontakta huamshwa na koili inayokula ampea chache tu kupitia rimoti. Ukikata koili, kontakta hufunguka na zile ampea 400 hukatwa na kifaa kilichoundwa kuzikata. Kwa hiyo kinga yote ya mzigo inaweza kujengwa kwenye waya mwembamba wa rimoti, kwa rilei ya kawaida ya gari.

Njia nyepesi ni swichi ya joto: kidude kidogo cha bamba la metali mbili kinachofungwa kwenye ganda la mota na kufungua sakiti joto likifika kiwango chake. Ipangwe iamuru rilei, isibebe koili ya kontakta yenyewe. Kiwango kichaguliwe chini kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu ganda hupata habari za amecha baada ya dakika kadhaa. Kihami cha nyaya za mota cha daraja la F huvumilia nyuzi 155 na cha daraja la H nyuzi 180, lakini ganda likisoma 80 au 90, ndani hali inaweza kuwa imekwisha kuchafuka. Swichi ya joto ni nzuri kwa dereva anayevuta mara nyingi fupifupi bila kupumzisha mota. Kwa mota iliyokwama ghafla imechelewa sana.

Njia kamili zaidi ni kupima ampea zenyewe. Shanti, kipande cha metali chenye ukinzani unaojulikana, hukaa kwenye waya wa hasi wa winchi. Shanti ya ampea 500 kwa milivolti 50 itaonyesha milivolti 40 kwenye ampea 400. Kihisi cha Hall hufanya kazi hiyo bila kukata waya, kwani huuzunguka na kusoma sumaku yake. Saketi ndogo ya elektroniki husoma namba hiyo, hungoja muda uliopangwa, kisha huachia rilei. Muda ni muhimu sawa na namba. Mota ikianza tu ampea huruka juu kwa sehemu ya sekunde, na kinga isiyosubiri itakata kila ukibonyeza. Kwa winchi ya mfano wetu ningepanga ngazi mbili: ampea 350 zikidumu sekunde 10, ikate, ampea 450 zikidumu nusu sekunde, ikate. Namba halisi zitolewe kwenye jedwali la winchi husika, linaloonyesha ampea kwa kila kiwango cha mzigo.

Kuna wanaohofia kwamba kinga ikikata katikati ya mlima gari litaporomoka. Winchi nyingi za gia za sayari zina breki ndani ya ngoma inayoshika mota inaposimama, na za gia ya parafujo hujishika zenyewe. Kukata umeme ni sawa na kuachia kitufe. Kinachoporomosha gari ni kufungua klachi ya ngoma wakati kamba ina mzigo, na hilo halifanywi kamwe.

Jambo moja la fundi makini: koili inapokatwa hurusha volti kali zinazoweza kuua elektroniki ya kinga. Wengi huweka dayodi moja sambamba na koili. Dayodi hiyo huokoa elektroniki lakini huchelewesha kontakta kufunguka, na kontakta inayofunguka polepole hurefusha cheche. Dayodi ya Zener iliyounganishwa mfululizo na ile ya kawaida hutatua yote mawili.

Kontakta ikiganda

Betri ikichoka katikati ya kuvuta, volti hushuka mpaka koili inashindwa kushika. Kontakta inaachia, mzigo unaondoka, volti zinarudi, kontakta inashika tena. Mlio wa tatata unaosikika hapo ni vishikizo vikipigana chini ya mamia ya ampea, na kila pigo ni cheche. Baada ya muda vinalehemiana. Dereva anaachia kitufe, winchi inaendelea kuvuta, na kinga yote ya koili haina maana tena kwa kuwa koili haiongozi chochote. Fyuzi nayo inatulia, kwani ampea 250 kwake ni za kawaida.

Kwa ajili ya hali hiyo tu, swichi kuu ya kukata kwa mkono ni ya lazima. Iwe na uwezo ulioandikwa wa kukata umeme wa winchi wakati unapita, na ikae mahali dereva anapoifikia bila kuvuka kamba. Kazi yake ya pili ni ya kila siku: gari lisipotumia winchi, swichi inakuwa imezimwa na waya wa mbele hauna umeme. Anayeweza kununua kitu kimoja tu mwezi huu aanze na swichi hii pamoja na fyuzi, kinga ya koili ifuate.

Kufunga na kujaribu

Kinga nzuri huharibiwa na maungio mabaya kuliko kitu kingine. Ungio lenye ukinzani wa omu 0.001, kutu kidogo tu chini ya lagi, huzalisha wati 160 ampea 400 zikipita, sawa na pasi tatu za kulehemu zilizobanwa kwenye bolti moja. Fyuzi haiwezi kuliona, maana ukinzani huo hupunguza ampea badala ya kuziongeza. Lagi zibanwe kwa mashine yake, si kwa nyundo. Zivishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Na bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi. Waya wa hasi urudi kwenye betri ukiwa na unene sawa na wa chanya, usiachiwe chasisi.

Majaribio yafanyike bila kungoja tope. Funga kamba kwenye mti mkubwa kwa mkanda wake, tanguliza mtu akanyage breki, vuta kwa sekunde 10 huku multimita ikipima volti kati ya kichwa cha betri na kichwa cha mota, kwanza chanya, kisha hasi. Kwa mita 4 za waya wa milimita za mraba 35 kwenda na kurudi, upotevu wa volti 0.8 kwenye ampea 400 ni wa waya wenyewe. Ukizidi sana hapo, tafuta ungio. Zima swichi kuu, kisha sogeza kiganja karibu na kila lagi, fyuzi na swichi. Lenye joto kuliko wenzake lifunguliwe, lisuguliwe, likazwe upya. Mwisho, vuta mpaka kinga ya ampea ikate yenyewe, uandike namba iliyokata kwa rangi ndani ya boneti ili fundi atakayefuata aijue. Fyuzi ya akiba ya ukubwa uleule, pamoja na spana ya bolti zake, vikae ndani ya gari muda wote. Fyuzi ikikatika porini bila ya akiba, mtu hufunga bolti tupu mahali pake, na gari linarudi kuwa bila kinga.